Umefilisika na mita bado inadai: maswali yanayoulizwa mara kwa mara, Arusha na Moshi

Maswali haya yanarudi kila wiki kwenye meza za wasaidizi wa kisheria: kutoka kwa waliokuwa na fremu Kilombero na Sakina, wauza mitumba wa Memorial na Kiboriloni, waliokopa kununua gari la watalii kisha 2020 watalii wakakoma kuja, na wenye nyumba waliobaki na mita zenye madeni ya watu wengine. Soma swali lako tu. Pale jibu linapogusa jambo lililokwisha kuelezwa, tumekuelekeza huko.

## Umefilisika kwa maana ipi?

Biashara imekufa na sina kitu. Si ndiyo nimefilisika?

Mtaani ndiyo, kisheria bado. Mufilisi kwa mujibu wa sheria ni mtu aliyetamkwa hivyo na Mahakama Kuu chini ya Sheria ya Kufilisika, Sura ya 25, kwa maombi yake mwenyewe au ya mdai wake. Mahakama ikishatoa amri, mali zake zinawekwa chini ya msimamizi wa ufilisi (kwa upande wa Serikali kazi hiyo iko RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini), na wadai wa kawaida hawaruhusiwi tena kumshtaki mmoja mmoja bila ruhusa ya mahakama.

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Mtu anafika ofisi ya umeme anasema, "Nimefilisika, naomba mnifutie," na aliyeko dirishani anauliza namba ya mita. Si ukatili. Neno lenyewe bila karatasi ya mahakama halimpi mamlaka ya kufuta hata shilingi. Kwake wewe ni mteja mwenye deni, na kama mteja mwenye deni una njia zako, tena nyingine ni nzuri kuliko unavyodhani. Zimo sehemu ya pili.

Basi nifungue shauri nitamkwe mufilisi?

Mahakama Kuu iko Arusha na iko Moshi, kwa hiyo umbali si kikwazo. Kikwazo ni hesabu. Ukitamkwa mufilisi, vinavyobaki mikononi mwako ni vichache: zana za kazi yako, nguo na matandiko, navyo kwa kikomo cha thamani. Nyumba na kiwanja vinaingia kwenye kapu la wadai. Hali hiyo pia haiishi yenyewe kwa kupita miaka, inabidi urudi mahakamani kuomba kuachiliwa.

Kwa mtu anayedaiwa na benki mbili, SACCOS na wauzaji wa jumla, wote wakigombania stoo moja, njia hii ina maana. Kwa mtu anayedaiwa umeme wa laki 4 na mitungi miwili ya gesi, gharama za shauri zitalizidi deni. Tunalisema hili wazi kwa sababu kuna watu wanauziwa "kufilisika kisheria" kama dawa ya kila deni.

Duka lilikuwa na jina BRELA, kwa msajili wa biashara. Deni la umeme ni la duka au ni langu?

Angalia cheti. Kama ni kampuni yenye hisa, kampuni ni mtu wake peke yake, na deni lake halikufuati nyumbani isipokuwa uliweka dhamana binafsi. Kama ni jina la biashara tu, jina hilo ni wewe mwenyewe kwa shati jingine, na kila deni lake ni lako.

Kwa umeme kuna mtego wa ziada. Wengi huendesha biashara kwa mita ya nyumbani: friza la aiskrimu barazani, mashine ya kusaga uani, saluni kwenye chumba cha mbele. Mita haitenganishi friza na taa ya sebuleni. Deni lililoingia kwenye mita ile linabaki pale, kampuni iwe hai au imekufa.

## Deni la umeme lenyewe

LUKU si unalipa kwanza? Deni linatoka wapi?

Ni kweli LUKU ni Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, na uniti ukizimaliza taa zinazima. Hata hivyo mita ya LUKU inaweza kubeba deni kwa njia kadhaa. Deni la zamani la ankara, kabla hujabadilishiwa mita, huhamishiwa kwenye LUKU. Kodi ya jengo, ambayo tangu Agosti 2021 inakusanywa kupitia LUKU, hujilimbikiza kila mwezi usionunua. Na pale TANESCO, shirika la umeme, ilipokuta mita imechezewa, makadirio ya umeme ulioibwa hupandishwa humo humo. Wateja wakubwa ambao bado wanalipa kwa ankara mwisho wa mwezi, kama hoteli na viwanda, wana deni la kawaida la mkataba.

Deni likishapandishwa kwenye mita, sehemu ya kila manunuzi inakatwa kabla hujapewa uniti. Linaifuata mita, halikufuati wewe. Kumbuka jambo hilo, kwa sababu maswali mengi ya sehemu ya tatu yanazaliwa hapo.

Nimenunua umeme wa 10,000 nimepewa uniti kidogo. Nimeibiwa?

Fungua ujumbe wa manunuzi usome mistari yote, usiishie kwenye tarakimu 20 za tokeni. Hesabu ni hii. Kwa bei zilizowekwa 2016, mteja wa kawaida wa kundi la T1 anatozwa shilingi 292 kwa uniti. Weka VAT asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa nishati vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1, uniti moja inakuwa kama 356. Kwa 10,000 unatarajia uniti 28 na kidogo.

Nyumba ya kawaida, isiyo ghorofa, inatozwa kodi ya jengo 1,500 kwa mwezi. Ikikatwa, fedha ya umeme inabaki 8,500, ambayo ni uniti kama 23.9. Kama hukununua kwa miezi mitatu, zimekatwa 4,500, na umeme uliopata ni wa 5,500 tu, uniti 15 na ushee. Ukipata chini ya hapo bila maelezo, kuna deni jingine kwenye mita. Nenda ofisini uombe mchanganuo wake kwa maandishi: deni ni la nini, la lini, na limebaki kiasi gani.

Naweza kuomba nilipe kidogo kidogo?

Omba, tena kwa barua. Maombi ya mdomo dirishani yanaishia dirishani. Barua iwe fupi na iwe na namba, kwa mfano: "Naomba deni lililoko kwenye mita namba fulani ligawanywe kwa miezi 12. Biashara yangu ilifungwa mwezi wa tatu, na matumizi yangu ya sasa ni uniti 40 kwa mwezi." Ambatanisha ujumbe wa manunuzi wa miezi ya karibuni na barua ya mwenyekiti au mtendaji wa mtaa inayothibitisha kuwa biashara imefungwa. Peleka nakala mbili, ya kwako igongwe muhuri wa kupokelewa.

Usiandike kwamba utalipa laki kwa mwezi ili waone una nia. Andika unachoweza. Makubaliano yakivunjika mwezi wa pili, kupata mengine ni kazi.

Si bora nisinunue umeme mpaka mambo yakae sawa?

Hapana. Kodi ya jengo inaendelea kujipanga ukiwa gizani (angalia hesabu ya hapo juu), na siku ukirudi inakatwa yote. Nunua kidogo, lakini nunua kila mwezi.

Biashara imefungwa, friza limeuzwa. Bado nastahili kulipa bei ile ile?

Swali hili watu hawaliulizi vya kutosha, wakati ndilo lenye fedha. Kuna kundi la wateja wadogo wa majumbani, D1, ambao matumizi yao hayazidi uniti 75 kwa mwezi. Wao wanalipa shilingi 100 kwa uniti, yaani 122 pamoja na kodi na tozo, na 350 kabla ya kodi kwa kila uniti inayozidi 75. Linganisha na 356 ya T1: karibu mara tatu.

Nyumba iliyokuwa na friza la biashara ilikuwa T1 kwa haki. Friza likiondoka, matumizi yanaweza kushuka chini ya 75. Mfumo hauwezi kujua kwamba umefunga biashara, kwa hiyo kusanya kumbukumbu za manunuzi ya miezi kadhaa ya matumizi madogo uende kuomba upitiwe upya. Adui mkubwa hapa kwetu ni hita ya kuogea. Juni na Julai, baridi ya Arusha ikikaza, hita peke yake inakurudisha juu ya 75. Chemsha maji kwa jiko jingine miezi hiyo.

Tokeni inakataa kabisa. Wamenifungia kwa ajili ya deni?

Mara nyingi si deni. Mita za LUKU zilitakiwa kuboreshwa kabla ya tarehe 24 Novemba 2024, na ambayo haikuboreshwa haipokei tokeni mpya. Inawapata hasa waliofunga fremu kabla ya tarehe hiyo na kurudi baadaye. Tiba yake ni tokeni za maboresho, unaziingiza kwa mpangilio uliopewa kisha ile ya umeme. Piga 180, kituo cha huduma kwa wateja cha TANESCO, ukiwa na namba ya mita mkononi.

## Nyumba ya kupanga, nyumba ya mnada, nyumba ya mzee

Mpangaji wangu kafilisika, kahama usiku, kaacha deni kwenye mita. Nifanyeje?

Mita ni yako, na itaendelea kumkata mpangaji anayefuata, ambaye atakuja kukugombeza wewe. Omba mchanganuo, lipa au panga malipo, kisha umdai yule aliyeondoka kama unavyomdai kodi ya chumba. Akiwa ametamkwa mufilisi na mahakama, dai lako unalipeleka kwa msimamizi wa ufilisi pamoja na wadai wengine. Usimfuate kazini kwake.

Kwa mpangaji ajaye, andikeni kwenye mkataba namba ya mita na hali yake siku ya kukabidhiana funguo, mkapige na picha.

Mimi ni mpangaji. Kwa nini nilipe kodi ya jengo lisilo langu?

Hutakiwi kuibeba. Mlipaji wa kodi hiyo ni mmiliki, LUKU ni njia ya kukusanyia tu. Tunza ujumbe wa manunuzi mkakatane kwenye kodi ya pango. Nyumba yenye wapangaji sita na mita moja, ambako mnachangishana kila wiki na kuna yule mwenye pasi na hita, anayekatwa kwa mwezi ni yule aliyenunua wa kwanza. Zungusheni zamu, au mwenye nyumba aweke mita ndogo kila chumba.

Nimenunua nyumba kwenye mnada wa benki. Mita inanikata deni la aliyefilisika.

Kudaiwa alikuwa yeye, mita ni ile ile. Peleka hati ya mauzo ya mnada ofisini, omba mita iandikwe jina lako na deni la kabla ya tarehe ya mauzo litenganishwe. Ungeuliza kabla ya kuinua mkono mnadani ingekuwa rahisi zaidi: nunua umeme wa 1,000 kwa namba ya mita ile, ujumbe utakuonyesha kama kuna kinachokatwa.

Mita ina jina la baba, naye ni mtu mzima. Anakatwa kodi ya jengo.

Mwenye miaka 60 au zaidi anayeishi kwenye nyumba yake ana msamaha wa kodi ya jengo, lakini lazima uombwe. Peleka kitambulisho chake na uthibitisho wa umiliki.

## Nishati isiyo ya TANESCO

Nilikopa kwenye simu kununua LUKU. Sasa kila hela ikiingia inamezwa.

Huduma za kuongezewa salio, kama Songesha ya M-Pesa, hujilipa kwanza kutoka kwa chochote kinachoingia kwenye laini. Dada yako akikutumia 10,000 ya umeme inaishia kwenye deni na nyumba inabaki giza. Mwambie asikutumie fedha. Anunue tokeni mwenyewe kwa namba ya mita yako, kutoka laini yake, akutumie zile tarakimu 20. Tokeni haijali nani alilipa.

Deni la simu halijaisha kwa hilo, na ada zake zinakimbia kuliko za TANESCO. Kama una na deni la "kausha damu", mkopeshaji yule wa kukusanya kila jioni, shika jambo moja: hakuna kukopa kwa mmoja kumlipa mwingine.

Sola ya mkopo imejifunga. Wanaweza kuja kuichukua?

Arusha ndiko biashara hii ilikoota mizizi: Off Grid Electric, iliyokuja kuitwa ZOLA, ilianzia hapa, na Mobisol ya Ujerumani nayo ilijijenga hapa. Mikataba yao na ya waliofuata inafanana kwenye jambo moja: mpaka umalize malipo, mtambo si wako. Hivyo wanaweza kuuchukua. Lakini pia wadai wako wengine hawawezi kuukamata wala wewe huwezi kuuuza. Kama huoni njia ya kumaliza, urudishe mapema na usiondoke bila karatasi inayosema deni limesimama kiasi gani.

Nadaiwa gesi na mkaa kwa mangi, mwenye duka la kona.

Zungumza naye. Ni deni halali hata bila mkataba, ila ni deni la watu wanaoonana kila asubuhi. Kama una mtungi wa kilo 15 ulio wako, kuubadilisha kwa wa kilo 6 na tofauti kwenda kwenye deni ni jambo ambalo mangi wengi wa Majengo na Pasua watalikubali.

Angalizo kwa aliye njiani kwenda mahakamani: usimlipe mdai mmoja unayempenda ukawaacha wengine. Mangi na elfu 40 yake hatamsumbua mtu, lakini ukimlipa shemeji milioni 3 wiki chache kabla ya shauri, malipo hayo yanaweza kutenguliwa kama upendeleo.

## Wadai mlangoni, na kesi za pembeni

Dalali anaweza kuchukua friji, kitanda, na nyumba?

Bila hukumu na amri ya mahakama, au mkataba wa dhamana uliousaini, hana cha kuchukua. Hata akiwa na amri, kifungu cha 48 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai kinakinga nguo, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko, na nyumba unayoishi na familia yako. Friji halimo.

Kinga ya nyumba haipo kama uliiweka rehani benki, lakini hapo uliza kama mwenzi wako alitoa ridhaa. Rehani ya nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzi ina kasoro. Na kinga hii ni ya mtu anayekazwa hukumu. Aliyetamkwa mufilisi anatawaliwa na ile orodha fupi tuliyoitaja mwanzo, na hii ndiyo sababu kubwa ya kutokimbilia Sura ya 25.

Naweza kufungwa kwa deni la umeme?

Deni ni madai, polisi hawakusanyi madeni. Mdai mwenye hukumu anaweza kuomba uwekwe ndani kama mfungwa wa madai, kwa gharama yake, na mahakama itakusikiliza kwanza. Asiye na uwezo na anayeficha mali hawatendewi sawa. Kuchezea mita ni kitu kingine kabisa, soma swali linalofuata.

Fundi aliniunganishia umeme usiopita kwenye mita wakati nimekwama. Nikitamkwa mufilisi hilo nalo linafutika?

Halifutiki. Kuiba umeme ni jinai chini ya Sheria ya Umeme ya 2008, na faini ya jinai au deni lililotokana na udanganyifu haliondoki kwa mufilisi kuachiliwa. Kabla hujaenda popote, zungumza na wakili au msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ipo kwa ajili ya asiye na fedha ya wakili.

Amri ya mahakama imetoka, LUKU bado inanikata deni la zamani.

Mashine haisomi amri za mahakama. Peleka nakala iliyothibitishwa ofisi ya TANESCO ya wilaya yako, na nyingine kwa msimamizi wa ufilisi ili TANESCO waorodheshwe kama wadai. Omba kwa maandishi makato ya deni la kabla ya amri yasimamishwe. Umeme unaoutumia baada ya amri, pamoja na kodi ya jengo ya miezi hiyo, ni mpya na utaulipa kama kila mtu.

Na deni la maji?

Ni la mamlaka za maji: AUWSA kwa Arusha na MUWSA kwa Moshi. Halikatwi kwenye LUKU. Njia ya malalamiko inafanana na ya swali lifuatalo.

Nimeandika barua, sijajibiwa. Nikalalamike wapi?

EWURA, wenye ofisi ya Kanda ya Kaskazini Arusha, ambayo inahudumia na Kilimanjaro. Watakuuliza kwanza kama ulianza kwa mtoa huduma, na hapo ndipo ile nakala yenye muhuri inapofanya kazi. EWURA CCC, baraza la watumiaji, linasaidia kuandaa malalamiko bila malipo. Usiporidhika na uamuzi wa EWURA, rufaa inakwenda Baraza la Ushindani.

Kuna mtu kanipigia, anasema yuko ndani ya shirika, nimtumie elfu 50 afute deni la laki 6.

Huyo ni kishoka. Malipo halali hufanyika kwa namba ya malipo au kwa manunuzi ya LUKU, hayaendi kwenye laini ya mtu binafsi. Wanapenda hasa waliofilisika kwa sababu habari za mnada zinasambaa mtaani kabla hata ya mnada wenyewe. Kata simu, kisha piga 180 uulize deni lako ni kiasi gani leo.